Amesema yuko kikaoni
Shoga, nimeishiwa nguvu. Baba watoto leo alikubali mwenyewe kwenda kwenye kile kikundi cha kuacha pombe. Akanyoa ndevu, akapiga pasi shati.

Kufika getini kwa ule ukumbi wanakokutania, aibu ikamshika. Akashindwa kumwambia mlinzi kwamba anatafuta watu wanaoacha pombe. Akauliza tu, "Samahani kaka, kikao kiko wapi?"

Kikao. Hakuona neno jingine la kusema ila hilo.

Mlinzi akamtazama yale macho mekundu, akacheka, akamwonyesha mlango wa nyuma. "Wenzako wako huku, bosi."

Baa, shoga. Nyuma ya ule ukumbi kuna baa.

Haya yote kanisimulia mwenyewe kwenye simu, tena anacheka. Nilipiga kumuuliza kama amefika, akajibu kwa upole kabisa, "Niko kikaoni." Huku nasikia chupa zinagongana.

Nikamwambia atoke, azunguke mbele, bado hajachelewa.

Akasema, "Mlango wa mbele nimeuona, mama watoto. Ila hawa wamenisogezea kiti hata sijasalimia."

Akaniambia nisimsubiri, kikao cha leo kitachelewa kwisha.