Watoto wa Saif bin Mahrous

Firq, Nizwa
Jumamosi asubuhi

Dada yangu mpenzi Mahbouba,

Shikamoo, dada. Nakushika miguu yote miwili, maana leo sikuletei ile shikamoo ya mkato tunayopeana kwenye simu. Vipi goti lako la kulia? Vipi presha? Na yule mjukuu aliyekuwa na mtihani wa skuli, amefaulu au bado mnamwombea dua? Mimi mzima, alhamdulillahi, kwa uzima wa mtu wa miaka sabini: nikikaa nasahau kuinuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Mwanangu Hud anakuamkia, na wanawe wanakusalimu kwa Kiswahili chao cha kuokoteza. Kila wakiona picha yako wanasema, "Bibi kikubwa huyo."

Najua utashangaa kutiwa barua mkononi na hali kila Ijumaa tunazungumza. Nimejaribu mara tatu kukwambia haya kwenye simu, na kila nikifika penyewe najikuta nakuuliza bei ya samaki Wete. Basi nimeamua kuandika kama tulivyokuwa tukiandika zamani, na nimempa Wiam, mkwe wangu, anayekuja Unguja kwenye arusi ya jamaa zake. Ameahidi kuvuka mpaka Pemba akuone. Kiswahili hajui kukisoma, kwa hiyo hata bahasha ikimfungukia njiani, siri yetu imehifadhika.

Habari yenyewe ni ya nyumba. Unajua nyumba hii ya Firq, niliyokaa miaka thelathini na nne, ilikuwa ya marehemu mume wangu Turki, na Turki alikuwa na watoto wake wakubwa wa mke wa kwanza. Wamenistahi sana tangu baba yao alipofariki, sisemi uongo. Lakini gereji zimeshatufika ukutani, mchana kutwa ni nyundo na mashine za kuchomelea, nao wameamua kuuza. Wameniomba nihame mwisho wa mwaka. Hud yuko Sur katika fleti ya vyumba viwili na watoto watano. Akanambia, njoo mama, tutabanana. Nikamwambia nikija mimi itabidi mmoja wenu alale ndani ya friji. Ndipo nikaomba nyumba ya serikali, zile wanazojengewa wajane na wasiojiweza.

Huko kwenu mtu akitaka kuthibitishwa kuwa ni wa mtaa fulani humwendea sheha, yakaisha. Mimi nilipokwenda ofisi ya Nizwa walizipekua karatasi zangu, wakasema hapa mimi ni wa Nizwa kwa ajili ya mume tu, na mume hayupo. Asili yangu imeandikwa Ibra, basi nikaombe Ibra. Nikafunga safari na Hud. Ibra alinipokea binti mmoja mpole anaitwa Maram, akalisoma faili langu lote, kisha akasema kila kitu ni kizuri isipokuwa kimoja. Ibra hakuna anayenijua. Sikuzaliwa pale, sikusoma pale, sikuolewa pale, sina hata bili ya maji. Akasema lazima shekhe wa kabila letu aandike kuwa mimi ni mtu wa pale. Dada, nilicheka mpaka yule binti akaniletea maji. Pemba tulikuwa Wamanga, Waarabu wa kuja. Nizwa mpaka leo mimi ni Mzinjibari. Na sasa Ibra wananiuliza mimi ni nani.

Shekhe wa leo ni Hilali, mtoto wa yule shekhe mzee aliyetupokea mwaka sabini na nne. Akatuita kwenye sabla, ule ukumbi wanamokutana wanaume kwa shauri zao. Sisi wanawake hatuna desturi ya kuingia, lakini kwa kuwa shauri lilikuwa langu nikawekewa kiti karibu na mlango, Hud ubavuni mwangu. Wazee walikuwa kama kumi. Ikapita kahawa, ikapita tende, kila mtu akaulizwa habari zake na za mifugo yake. Kisha Shekhe Hilali akasema kwa adabu kuwa nyumba ya babu yangu Mahrous ilikuwa mtaa wa Munisfah, sasa zimebaki kuta tu, lakini wazee waliomo humu waliiwahi nzima. Akaniomba niieleze kama Baba alivyotuelezea.

Hapo nikakaa vizuri kitini. Nikasema moyoni, hapa ndipo pangu. Si unakumbuka Baba alivyokuwa akitusimulia Ibra baada ya magharibi, mpaka sisi wenyewe tukawa tunaweza kuitembea kwa macho yaliyofumbwa? Nikaanza. Nikawaambia kuna baraza mbili za mawe, kulia na kushoto ya mlango. Unapanda vidato vitatu, cha pili kimemeguka. Ndani kuna ukumbi mrefu, chumba cha Bibi upande wa kibla, uani mkomamanga, jiko kushoto. Na mvua ikinyesha, nikasema, inavyopiga juu ya bati mtu hasikii anachoambiwa. Nilikuwa natiririka tu, Kiarabu changu hakijapata kuwa kizuri namna ile.

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Bati?" Shekhe Hilali akanambia taratibu, kama anayempokonya mtoto kisu, kuwa nyumba ya Mahrous ilikuwa na dari ya magogo ya mtende na udongo, kwamba huku watu hawakujenga baraza za namna ile nje, na kwamba mvua ya kuwazuia watu wasisikilizane yeye hajaiona Ibra tangu azaliwe. Wakacheka, si kwa ubaya. Hud alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Dada, nilikuwa nimewaeleza nyumba ya Wete. Hiyo hiyo uliyomo wewe sasa unaposoma barua hii. Miaka hamsini na moja nimeamini nimeibeba Ibra ya Baba, kumbe nimebeba baraza uliyokuwa ukinikalisha ukinisuka, na kidato alichokimegua ndugu yetu Yaqoub kwa mchi, na uani kule ambako marehemu mama yako alikuwa akitugawia mikate ya vibibi ya moto, mimi akinipa mkate wa kwanza kwa sababu nilikuwa mdogo, ingawa sikutoka tumboni mwake. Nilikumbuka mpaka harufu ya karafuu kwenye mikeka. Nilikumbuka ulivyonifundisha kusoma, kidole chako juu ya kidole changu, na ulivyonifinya nilipokurupuka. Nilitaka kulia pale mbele ya wanaume, nikajifanya kahawa imenipalia.

Shekhe Hilali akasema nisione haya, ipo njia nyingine. Baba yake alikuwa na kitabu alichowaandika jamaa wote waliorejea kutoka Afrika, kile ambacho asiyemo hakupewa ruhusa ya kuingia nchini. Kikaletwa, jalada la kijani, kimeliwa pembe na mchwa. Akaupata ukurasa wetu upesi. Umeandikwa, "Saif bin Mahrous, aliyefia Pemba. Watoto wake: Yaqoub na Fawziya." Akasema huu watosha, na barua anayoitaka Maram ataiandika leo leo. Imebaki desturi tu. Ukurasa husomwa mbele ya watu, na anayehusika akasema kuwa ndivyo. Akausoma kwa sauti, akaniuliza, ndivyo?

Hapa ndipo kwenye simu nilipokuwa nikikuuliza bei ya samaki.

Mwaka ule wa sabini na nne nilikuandikia kwa mkono wangu kuwa kitabu cha shekhe kilifungwa kabla jina lako halijafika. Si kweli. Hakikufungwa. Siku ile Mama alikuwa amelala kwa homa ya safari, Yaqoub yuko Nizwa anatafuta kazi, na mwenye Kiarabu cha chuo cha Kurani ni mimi. Shekhe mzee aliniuliza, Saif ameacha watoto wangapi. Na asubuhi yake wanawake wa mtaa walikuwa wamenicheka kwa kanga yangu na kwa ninavyotamka. Niliogopa nikikutaja wataniuliza mama yako ni nani, na nikijibu kuwa ni Mpemba wa Wete wataanza kutupima upya sote. Nilikuonea haya, dada. Wewe uliyenilea. Nikasema, wawili.

Yaqoub alipojua alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake, akataka kurudi kwa shekhe akasahihishe. Nikamlilia kuwa watatufukuza. Akanyamaza, na nadhani kunyamaza kule kulimla mpaka alipokufa. Nawe uko Wete na watoto wawili wadogo, mizigo umeshafunga. Barua zako za mwaka ule ninazo zote. Uliniuliza kama Ibra kuna baridi, na kama ulete sufuria kubwa au huku zipo. Kisha ukaacha kuuliza, na hata siku moja hukunilaumu. Ulisema ni bahati, riziki ya mtu haimpiti. Kila ukisema hivyo mimi huku nilikuwa natafuta pa kuuficha uso.

Basi Hilali ananiuliza, ndivyo? Jibu la ndiyo lilikuwa lanipa nyumba. Usidhani ni uchamungu ulionishika, unanijua mimi. Lakini nilikuwa nimetoka kuwatembeza wazee wale nyumba yetu chumba kwa chumba, na kila chumba wewe umo. Nikasema sivyo. Nikasema Saif ameacha watoto watatu, mkubwa wao ni Mahbouba, yu hai, yuko Wete, na aliyemfuta kitabuni ni mimi.

Hakuna aliyecheka safari hii. Shekhe Hilali akachukua kalamu, akaupiga mstari ule ukurasa, akasema ukurasa wenye uongo hatautia saini. Akasema kwa desturi yao mkubwa akiwa hai ndiye huwasemea watoto wa baba mmoja, na mdogo hana neno mbele yake. Anataka barua yako yenye muhuri wa sheha, iseme Saif bin Mahrous ameacha watoto gani. Utakavyoandika wewe, ndivyo atakavyoandika yeye. Maram atalishikilia faili langu mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo nyumba ni ya mwingine. Tulirudi kutoka Ibra mpaka Firq Hud hakufungua redio. Tulipofika mlangoni aliniuliza neno moja tu, mama mkubwa anapenda halua ya namna gani. Ndiyo hiyo anayokuletea Wiam. Si ya kukuhonga, ni zawadi ya mwanao.

Sikuombi radhi ili nipate nyumba, maana radhi ya namna hiyo hata mimi nisingeitoa. Ukiandika kuwa watoto ni wawili, Yaqoub na Mahbouba, utakuwa umesema kama nilivyosema mimi, nami sitafungua kinywa. Nitakwenda Sur nikabanane. Jina lako wewe litaingia kwa vyovyote, hilo nimeshalimaliza na Shekhe Hilali. Wiam atakaa Wete siku mbili. Ukiona jibu ni zito, mrudishe hivyo hivyo, nitafahamu.

Nisalimie wanao wote na wajukuu, na majirani waliobaki wanaonikumbuka. Ukienda makaburini nisomee Fatiha kwa Baba na kwa mama yako. Mungu akupe afya na akuweke.

Ni mimi mdogo wako,
Fawziya

Jina la Baba sikuliandika baada ya langu. Nimekuachia wewe.