Zamu ya Habari za Ijumaa

Kabiria,
Jumamosi, 4 Januari 2025

Kwa mwanangu Were,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi cha Krismasi kimekuacha. Sisi huku tu salama. Goti linanisumbua nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini sare za shule nimezimaliza zote, Mungu ni mwema.

Utashangaa shangazi yako anaandika kwa karatasi. Jumatatu tunaanza mfungo wa siku ishirini na moja kanisani, na mwaka huu pasta ametuambia kila mtu afunge pia kile kitu kinachomshika kupita kiasi. Wengine wameacha chai. Mimi nilijiuliza ni nini nakifungua asubuhi kabla sijaomba, nikaona aibu. Ni habari za Tavo, zile zinazotumwa kila Ijumaa. Nani ameongeza nini, toleo gani linakuja, nani amegombana na nani. Nazisoma hata Jumatano, mara ya tatu.

Jirani yetu Mzee Kibe aliniuliza hiyo Tavo ni kitu gani. Nikamwambia ni programu ya bure ya kutengeneza tovuti, imeundwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia, na yeyote anaweza kuifungua ndani aone ilivyoshonwa, arekebishe. Akauliza nani analipwa. Nikasema hakuna. Akasema, basi hiyo ni kwaya.

Miaka sita, Were, tangu unifundishe kuitafsiri hapa mezani ukiwa bado chuoni unalala kwangu. Mtu wa darasa la nane, na leo kila sentensi ya Kiswahili ndani ya Tavo imepita mikononi mwangu. Veronicah wa saluni anaitumia, mama wa viatu pale Dagoretti Corner anaitumia, na hawahitaji kumwita mtu awasomee Kizungu. Kazi hiyo naihesabu kama utumishi.

Sasa ombi langu. Wewe ndiwe mlezi wa pili wa Kiswahili, ingawa kazi ya ofisi imekubana. Nishikie zamu. Kila Ijumaa soma, na wakiuliza lolote kuhusu lugha yetu, jibu kwa niaba yetu wote wawili. Simu yangu Veronicah ameifungia kwa kabati lake. Barua ikija nitaiweka ndani ya Biblia bila kuifungua mpaka tarehe ishirini na saba, ndivyo nilivyoahidi mbele ya kanisa. Jambo likiwa kubwa, panda gari uje useme kwa mdomo. Mgeni sijamkataza.

Nampa Mzee Kibe hii akuletee, maadamu yeye ni mlinzi wa hilo jengo la ofisi yenu na anakuona kila siku.

Mimi shangazi yako anayekuombea,
Nanjala

*

Nairobi mjini,
Jumatatu, 13 Januari 2025

Kwa Shangazi mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Kikohozi kiliisha. Natumaini mfungo unaendelea vizuri na goti limepata nafuu, maana najua unapiga magoti hata ukiambiwa usipige.

Kuna tangazo katika habari za Ijumaa iliyopita. Wanasema lugha ambayo mlezi wake hatajibu kufikia Ijumaa tarehe 24 Januari itafungwa, na kazi ya kutafsiri itafanywa na mashine. Kiswahili kimo kwenye orodha. Mlezi anatakiwa aandike mstari mmoja tu kwamba yupo.

Ningependa kuja lakini kazi ni nyingi na wikendi pia tumeitwa. Nimeona afadhali nikuandikie ili ujue.

Niombee.

Mwanao,
Were

*

Kabiria,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mwanangu Were,

Bwana asifiwe. Hujambo? Mimi mwili ni mzima.

Jana tulivunja mfungo kwa uji na mihogo, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Leo asubuhi nikaenda saluni kuchukua simu. Veronicah alinipa bila kuniangalia usoni. Nikamuuliza kuna nini, akasema nikae kwanza.

Jumamosi alikuwa akitoa picha moja mbaya kwenye tovuti yake. Unakumbuka ule ukurasa wa kufuta, tulivyobishana wiki nzima, mwisho tukaandika, "Ukifuta, picha zote hazitarudi. Una hakika?" Sasa hapo pameandikwa neno moja, "Endelea". Akaendelea. Vichwa vyote alivyosuka kwa miaka minne, vyote alivyokuwa akiwaonyesha wateja, vimepotea. Alidhani ni mimi nimebadilisha. Siku mbili mwenzangu huyu wa maombi alikuwa akidhani hivyo na hakuwa na pa kuniuliza, maana simu yangu ilikuwa kwake.

Nikafungua habari za Ijumaa nikiwa nimesimama. Kiswahili kimefungwa. Mlezi hakujibu. Hivyo tu, mstari mmoja, katikati ya toleo jipya na tangazo la mkutano. Nilikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele na wateja wakaanza kunipepea kama mtu aliyefiwa.

Nikarudi nyumbani, nikafungua barua yako. Ya tarehe kumi na tatu. Ilikuwa ndani ya Biblia siku zote hizo, na mimi nikiisogeza kando nikitafuta Zaburi.

Were, sikulaumu kwa barua, mimi ndiye niliyesema sitafungua. Lakini nilisema pia uje. Kutoka mjini hadi hapa ni mwendo gani? Unaishi Woodley, hata kwa miguu ungefika. Na wewe si mlezi wa pili? Mstari mmoja, umesema mwenyewe. Mbona hukuuandika?

Labda ulikuwa mgonjwa na hukutaka kunitia wasiwasi. Niambie. Mzee Kibe atangoja jibu kesho.

Shangazi yako,
Nanjala

*

Kabiria,
Jumatano, 29 Januari 2025

Were,

Mzee Kibe amerudi mikono mitupu siku mbili.

Leo nimefungua ule mjadala wenyewe ambapo watu walipiga kura. Kizungu chake ni kirefu, nimesoma na kamusi tangu asubuhi. Nilitaka kumjua aliyeleta pendekezo, nimwandikie kwa heshima, nimweleze kwamba nilikuwa kwenye maombi.

Jina liko juu kabisa. Na picha ni ile niliyokupiga mimi siku ya mahafali, umevaa koti nililokushonea.

Nanjala

*

Nairobi mjini,
Jumatano, 5 Februari 2025

Shangazi,

Sijui kama nina haki ya kukusalimia. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni mimi. Nitasema yote, usije ukasikia nusu kwa mtu mwingine.

Kampuni iliyoniajiri inauza mashine ya kutafsiri. Niko kwa miezi ya majaribio, na bosi alitaka mradi mmoja unaojulikana ambao utaacha watu na kutumia mashine yetu, awaonyeshe wateja. Alijua nimewahi kuwa Tavo. Aliniuliza ni lugha gani pale haina mtu wa kupiga kelele. Nikasema Kiswahili. Ilinitoka tu, na nilipoona amefurahi nikanyamaza.

Ulezi nilijitoa tangu Desemba, nikasema nina kazi nyingi. Habari hiyo ilikuwa kwenye Ijumaa ya mwisho ya mwaka, mwisho kabisa kwa maandishi madogo. Nadhani uliipita. Kwa hiyo uliponiomba nikushikie zamu, sikuwa tena na zamu ya kushika, na sikukwambia.

Kuna hili moja ambalo naomba ulisome ukiwa umekaa. Pendekezo lilihitaji muda wa watu kujibu. Bosi aliuliza siku ngapi. Nilitoa barua yako mfukoni, nikaangalia tarehe za mfungo, nikasema siku kumi na nne zinatosha.

Ile barua niliyokutumia nilijua hutaifungua. Nilitaka tu iwepo, siku moja niweze kusema nilikujulisha. Mzee Kibe alipoichukua aliniambia, "Wewe kijana unampenda sana shangazi yako." Nilipanda ngazi zote kwa miguu, sikuweza kungoja lifti karibu naye.

Mashine ni mbaya kwa Kiswahili, sote hapa tunajua. Tunaambiwa itajifunza.

Nisamehe.

Were

*

Kabiria,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Were,

Bwana asifiwe. Nimekusalimia kwa sababu salamu ni ya Bwana.

Barua yako ilinikuta na kitambaa cha mteja mkononi. Nilipofika kwa zile siku kumi na nne, mkasi uliendelea wenyewe ukakata mkono wa shati mahali sipo. Shati la mzee wa kanisa. Nitamnunulia kitambaa kingine, usijali hilo.

Nimewaona watu wakiiba sadaka. Nimemwona mtu akilia kwenye mazishi huku akipima shamba la marehemu kwa macho. Lakini mtu kuchukua maombi ya mwenzake akayafanya kalenda yake, hilo sijaliona, na nimeishi miaka hamsini na mbili. Wiki zile nilikuwa nikikutaja kwa jina. Kila siku saa sita, kwenye orodha yangu, wewe ulikuwa wa kwanza. Nilikuwa naomba kampuni ikuthibitishe kazini.

Nimeshindwa hata kumwambia pasta. Nilimwambia tu kuna mtu wa nyumbani ameniumiza. Akaniuliza kama ameomba msamaha, nikasema ameomba. Akauliza, "Basi mbona uso uko hivyo?" Nimetembea na swali hilo tangu Alhamisi.

Jibu nimelipata leo. Umeniomba msamaha kwa bahasha. Jambo lenyewe ulilifanya hadharani. Wale watu kumi na tisa waliopiga kura hawakunichukia, waliambiwa hakuna mtu nyumbani, wakafunga mlango. Mimi nikienda kusema nipo, watasema nilikuwa wapi. Nitasema nilikuwa nafunga, na wengine hata hawatajua ni nini. Lakini wewe wanakujua.

Nenda pale pale ulipoandika la kwanza, uandike la pili, kwa Kizungu chako kizuri, kila mtu asome. Najua kampuni itasoma pia. Najua miezi yako ya majaribio haijaisha. Sikulazimishi, na Mungu ananiona kwamba nyumba yangu haijafungwa kwako ukikataa. Ila Kiswahili kitabaki na mashine, na Veronicah si wa mwisho kubonyeza asichokielewa.

Nitasoma habari za Ijumaa kama kawaida.

Nanjala

*

Kabiria,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Were,

Bwana asifiwe. Goti limetulia kidogo. Wewe je, unakula?

Jana nilikuwa na simu mkononi kabla habari za Ijumaa hazijaingia. Zilipoingia sikuzifungua kwanza, niliogopa. Nikamwita Veronicah, akaacha mteja na kichwa nusu, akasoma yeye nami nikitafsiri.

Umeandika kwamba Kiswahili kilikuwa na mlezi, kwamba wewe ulijua yuko hai na yuko kwenye maombi, kwamba tarehe ulizichagua kwa sababu hiyo, na kwamba ulifanya kwa niaba ya kampuni inayokulipa bila kuwaambia. Hukujitetea. Nilikuwa nangojea mahali utakaposema "lakini", sikupaona. Chini yake watu wameandika kwa siku tatu. Wengine wamekutukana maneno ambayo Veronicah aliyaruka, nami sikumwambia arudie. Mwanamke mmoja anayelea lugha ya kwao aliandika tu kwamba yeye pia huzima simu akiwa kwa mama yake mgonjwa.

Kura imerudiwa. Mashine imeondolewa. Kiswahili kimefunguliwa, na sentensi zetu zote zimerudi zilivyokuwa, maana kumbe pale hakuna kinachotupwa kabisa, kila toleo la zamani huwa limehifadhiwa. Picha za Veronicah ndizo hazikuhifadhiwa popote.

Mzee Kibe ameniambia jana ulishuka na kiboksi cha vitu vyako, ukampa mkono, ukamwambia asante kwa barua zote. Amesema hukuinamisha kichwa. Nimelia hapo, sitakuficha.

Sasa wameweka sheria mpya. Kila lugha iwe na walezi wawili wanaofahamiana, mmoja akiondoka mwingine awepo, na nilipaswa kutuma jina la pili jana hiyo hiyo. Najua unafikiria nini. Hata mimi mkono wangu ulienda kwenye jina lako kwa mazoea.

Nimeandika Veronicah. Alisema hana masomo, nikamwambia mimi je. Yeye ndiye aliyeumia, kwa hiyo hatalala.

Nimekusamehe, Were, na sisemi hivyo kwa sababu ya kanisa. Nimekusamehe asubuhi ya leo nikichemsha maji. Lakini msamaha ni kitu kimoja na ulezi ni kingine. Wewe nimekuandika kwenye orodha ya chini, ya wanaoanza. Utapewa sentensi moja moja kama tulivyoanza sote. Utatuma, na mimi na Veronicah tutakagua kabla haijaingia. Ukichoka, utasema. Jumapili kuna chakula hapa, kama kawaida.

Shangazi yako,
Nanjala

*

Woodley,
Ijumaa, 21 Februari 2025, kwa simu

Shangazi, habari ya mchana. Nawasalimu wewe na Veronicah. Mimi ni mzima, bado natafuta kazi, leo nilikuwa mjini kwa mahojiano mawili.

Nimetuma ile sentensi mliyonipa, ya mtu aliyekosea neno lake la siri. Ni maneno tisa tu na nimekaa nayo tangu jana. Naomba mkaguzi aiangalie akipata nafasi.

Were

*

Kabiria,
Ijumaa, 21 Februari 2025, kwa simu

Mwanangu Were,

Bwana asifiwe. Tumeiona, tumeisoma kwa sauti hapa saluni. Veronicah anasema inamkemea mtu ambaye tayari amechanganyikiwa, na wateja wawili wamekubaliana naye.

Rudia.

Shangazi