Ua wa Mihina

Changamwe, 9 Machi 1948

Kwa mume wangu Obeid, huko Lamu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mbuzi kazaa, na kifua cha mamako kimetulia.

Ila huu ua umenichosha, wallahi. Bwana Afya asema kati ya nyumba yetu na kile kiwanda kipya cha mafuta ya nazi lazima pawe na ukanda wa miti yenye urefu wa mtu, moshi usituingilie. Kiwanda kimeacha hatua kumi za ardhi. Kupanda ni juu yetu. Miti isipofika, itakayovunjwa ni nyumba, si kiwanda!

Nikapanda mihina, maana hukua upesi. Kosa langu. Kila harusi ya mtaani wanawake waja na vikapu, nami nitamnyimaje mtu hina ya harusi? Ua ukifika kiunoni, wachumwa, wabaki vijiti. Bwana Afya kaja mara tatu na kamba yake ya kupimia, mara tatu kaondoka akitikisa kichwa. Atarudi mwisho wa mwezi.

Jana dada zako walikuja, wakachuma hadi jani la mwisho. Nikawasaidia. Nikauliza harusi ya nani, wakaangaliana. Kisha Kuluthum akasema hina yaenda Lamu, kwa bibi harusi wako.

Basi mwambie hina hiyo nimeimwagilia maji mimi, ndoo kwa ndoo. Na wewe uje kabla ya mwezi kwisha, usimame pale penye vijiti. Urefu wa mtu unao.

Mkeo wa kwanza,
Alawiya