Jina la Nne

Kitale,
Jumatano

Mama mpendwa,

Nawasalimu wewe na Baba hapo Bungoma. Natumai mgongo wako umepata nafuu. Mimi si mzima. Naandika kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya mume wangu Simiyu, na kila nikiishika mama yake huja kuketi karibu.

Tangu nijifungue silali, hata mtoto akilala. Chakula hakipiti kooni. Nalia nikimwogesha, nalia nikianika nguo. Mtoto mwenyewe hana shida, ananyonya na kunenepa. Lakini mama mkwe ameamua kwamba mtoto amekataa jina la marehemu alilopewa, ndiyo maana kuna kilio nyumbani. Aliitwa Wanjala, wakambadilisha akawa Masinde, sasa ni Barasa. Kila mara wanachinja kuku, wanamtaja marehemu mwenye jina, halafu wananikodolea macho kama watu wanaongoja chai ichemke.

"Lakini anayelia ni mimi," nikamwambia mama mkwe.

"Si ni mtoto ndiye anakuliza? Wewe umesoma, lakini hii haiko kwa kitabu."

Simiyu, msomi wa chuo, alitafuna paja la kuku akaniambia niache kuaibisha wageni. Wamama wa kanisa walimaliza chai yote, kisha wakaniagiza nishukuru, kwa kuwa wenzangu wanatafuta hata mmoja. Watu wazima wote hao, na hakuna aliyeniuliza kama nalala.

Aliyeuliza ni muuguzi, nilipopeleka mtoto chanjo. Nilimwambia kuna siku nasimama kando ya kisima na sitaki kurudi ndani. Hakucheka. Alisema ni ugonjwa unaowapata wanawake baada ya kujifungua, una matibabu, nirudi Jumatatu nimwone daktari, na nisije peke yangu. Simiyu amesema yeye hana mke wa kupelekwa kwa daktari wa wazimu.

Sasa nasikia unakuja na jina la nne, la marehemu kaka yako. Hata wewe, Mama? Ulipomzaa Nekesa ulikaa kitandani miezi bila kusema neno, nikawa napika mimi, na nyote mkasema ni malaria. Mliijua vizuri sana malaria hiyo.

Nisalimie Baba, shangazi wa ndizi pale sokoni, na Nekesa wetu. Mwambie asiache shule.

Njoo Jumapili, ulale, kesho yake tuende kliniki. Kama umekuja na jina, shukia Kiminini, kabla ya kufika huku, urudi.

Ni mimi bintiyo,
Nafula