Viatu vya Mama Vilikuwa Mlangoni

Daejeon, tarehe 9 Machi

Dada yangu mpendwa Myeong-suk,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo wako vipi, umepata nafuu? Na shemeji hajambo? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti. Juzi, baada ya ibada ya kumwombea Mama siku ya arobaini na tisa, uliniuliza mbona nimekuwa bubu, nikasingizia uchovu. Nilikudanganya, Dada. Kwa simu siwezi, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilivyojaza nyumba ya Mama vibandiko akili yake ilipoanza kumpotea: viatu, koti, fimbo, miwani, mkoba, hata redio. Ulinicheka ukasema nimemgeuza Mama bidhaa ya dukani. Nikakueleza, na majivuno yangu, kwamba vibandiko havina betri. Chombo cha ukutani hutuma mawimbi mapana ya redio, kila kibandiko huyarudisha kwa namna yake, na muda wa kwenda na kurudi huonyesha kiko wapi, vyote kwa mpigo, mpaka getini. Mama alivumilia tu. Aliwaambia majirani kijana wake anamchunga kama kuku.

Viatu ndivyo nilivyovitegemea kuliko vyote. Kwetu nani huingia navyo ndani, au hutoka bila hivyo? Vikiwa mlangoni, mwenyewe yumo. Viatu vya Baba sikuvibandika kitu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama aviache pale mlangoni baada ya mazishi yake Baba, ili wezi wadhani kuna mwanamume. Nikajiambia marehemu haendi popote, vya nini kuvifuatilia.

Siku ile ya theluji nilikuwa kazini, maabara, na wageni waliokuja kuuona mtambo huo, nawaonyesha nyumba ya Mama kwenye skrini. Saa nane mchana koti likaonekana getini, kisha likapotea. Mgeni mmoja akauliza kama bibi ametoka. Nikacheka. Nikamwambia viatu viko mlangoni, ule ni mwangwi tu wa geti la chuma. Wakapiga makofi, Dada.

Sasa hili ndilo nililokuficha. Nusu saa baadaye Bi Gwak, jirani yetu, alinipigia simu. Alisema amemwona mtu kwa mbali akielekea kituo cha basi, anaburuza viatu vikubwa, mwendo kama wa Mama, na anataka kumfuata. Nikamwambia akae kwake asije akateleza bure, Mama yuko ndani, namwona kwenye kompyuta. Nilimjibu mkato, kama mtu anayesumbuliwa. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye msomi.

Yaliyofuata unayajua. Jioni polisi walimkuta kwenye benchi la kituo, amekwisha kuganda, viatu vya Baba miguuni. Nadhani alikuwa anampelekea Baba viatu vikavu kituoni, kama alivyozoea theluji ikianguka, ila safari hii akasahau, akavivaa.

Msibani ulimshukia Bi Gwak mbele za watu. Ulimwambia ni jirani gani huyu, hata kuchungulia ua kumemshinda. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pako. Akaniangalia mara moja, akainama, akaendelea kupanga mabakuli. Nami nikanyamaza. Hajamwambia mtu hadi leo. Juzi aliniletea kimchi, ile kabichi yake ya kuchachusha, akasema nile, nimekonda.

Nichukie mimi, Dada, ni haki yako. Lakini yeye mpigie simu umwombe radhi. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Jumamosi nitakwenda kwake mwenyewe, niseme mbele ya kijiji kizima, ikiwa miguu itanibeba.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Nyumba ya Mama nimeifunga, ila mtambo sijathubutu kuuzima. Kila asubuhi naufungua hapa kazini, na kila asubuhi unaniambia viatu viko mlangoni.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Sang-gyun