Nimefungiwa Ndani Wiki ya Mtihani wa Vyuma

Mpendwa Mama Trinah wa redio, naomba unisaidie upesi kabla sijapakwa hina, maana naandika kwa simu niliyoificha chini ya mto na shangazi yuko sebuleni anachanganya singo nyingine ya kunisugua. Mimi ni bibi harusi wa Jumamosi hii, nimewekwa ndani hapa Nyamirambo kama desturi yetu inavyotaka, nasuguliwa asubuhi na jioni, nafukizwa udi, nanukia mpaka paka wa jirani amehamia dirishani kwangu, na nina furaha hadi nacheka peke yangu, lakini Mama, Alhamisi nina mtihani wa vitendo wa kuunga vyuma vya maghorofa kule Gikondo, na nikiukosa ni mpaka mwakani, na bila cheti hakuna atakayeniruhusu kupanda lile jengo la Kimihurura ambako kazi wameshaniahidi.

Kosa ni langu. Shangazi Aidah ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, ni fundi wa nguo, anataka nirithi cherehani yake, na nilipoanza mafunzo niliogopa kumvunja moyo nikamwambia najifunza kushona mapazia ya hoteli, naye akafurahi akatangazia mtaa mzima, na sasa akinisugua viganja anakutana na sugu za spana anauliza, "Yewe, ni mapazia gani hii iko na sugu hivi?" nami najibu ni mkasi, shangazi, mkasi tu, basi anaongeza mafuta na kusugua tena, mpaka viganja vimelainika kama vya mtoto mchanga, na chuma, Mama, hakitaki mkono wenye mafuta. Buti zangu za kazi nimezisukuma uvunguni, nyuma ya sanduku la nguo za harusi.

Mchumba wangu Mutabazi anajua kila kitu. Alikuja siku moja kunitazama nikiwa juu na mkanda wangu wa usalama, akafumba macho akapiga kelele, "Nimeona, nimeona, sasa shuka!" na tangu hapo anajisifu kwa wenzake kana kwamba alipanda yeye. Sijui nikuelezeje raha ya kule juu, kreni inaleta boriti taratibu, mwenzangu Munyakazi anashika upande wake na mimi wangu, tundu linakutana na tundu, bolti inaingia, na mimi natamani kupiga vigelegele palepale, na mwalimu wetu Jean-Berchmans anapaza sauti kutoka chini, "Wewe mutoto, iko kama ulizaliwa juu ya bati!" Mtihani tunafanya wawili wawili, mimi na Munyakazi. Sasa nifanyeje, niruke dirisha Alhamisi asubuhi, au nikae ndani nisuguliwe na cheti nikisahau? Tafadhali usitaje jina langu hewani, maana shangazi hakosi kipindi chako.

Binti yangu, barua yako nimeisoma yote hewani, na jina lako sijalitaja. Wewe umetaja la shangazi, la mchumba, la mwalimu, na mtaa wako juu yake, kwa hiyo hapo Nyamirambo asiyejua habari zako sasa hivi ni paka wa dirishani tu. Hongera kwa harusi, na hongera kwa bolti. Nimecheka mpaka nimeletewa maji studio.

Sasa nikugombeze. Uruke dirisha, wewe, mtu wa mkanda wa usalama? Uolewe ukitembelea magongo? Halafu barua nzima ni cheti chako na viganja vyako. Munyakazi je? Bila wewe, nani atashika upande wa pili wa boriti yake? Yeye hana harusi Jumamosi, ana mtihani tu, na barua haisemi kama umemtumia hata ujumbe. Mpigie kabla sijamaliza kusema.

Mafuta sasa basi, kuanzia leo. Nawa kwa sabuni mara nyingi. Hina haina neno, ikauke vizuri, uvae glavu juu yake. Na kabla ya kupanda umwambie Jean-Berchmans ukweli kwamba viganja vimelainika, avikague mwenyewe. Mkanda uukaze kama siku zote, usije ukaulegeza kwa kuonea huruma ngozi ya harusi.

Kuhusu mapazia, ulijua shangazi ananisikiliza, na bado ukaniandikia. Ulitaka nimwambie mimi. Haya, nimemwambia. Kuomba radhi utaomba mwenyewe, leo hii, ukiwa umemshika mikono.

Shangazi Aidah, najua unanisikia na bakuli la singo liko mkononi. Mtoto amekosa, mgombeze, ni haki yako. Ukimaliza, inama uvunguni, nyuma ya sanduku. Kuna buti nzito zina tope la Gikondo. Zifute, shangazi, Alhamisi umfungie kamba zake mwenyewe, kisha umfungulie mlango.