Jani Likoje?

Jumatano, 1 Machi 1995
Bani, nyumba ya kukaushia, limejaa tumbaku tena. Kuni, moto, kuni. Macho yanawasha kwa moshi. Jani bado kijani.
Nikishatia kuni nasoma karatasi za Mwalimu Sekela. Ana kompyuta ya zamani kwenye ukumbi wa kanisa, na Jumapili anafundisha yeyote, hata sisi vibarua. Lugha ya mashine inaitwa Beziki. Mashine yenyewe sijaigusa. Jenereta haina mafuta, tunaandika kwa kalamu. PRINT ni kuonyesha. INPUT ni kuuliza na kusubiri jibu. IF ni kama, THEN ni basi, GOTO ni nenda, END ni mwisho. Niliishia darasa la tano, ila hii naielewa. Kazi ya bani yote ni IF.

Ijumaa, 3 Machi
Nimeandika programu ya bani.

10 INPUT "JANI LIKOJE"; J$
20 IF J$ = "KIJANI" THEN PRINT "MOTO MDOGO"
30 IF J$ = "NJANO" THEN PRINT "ONGEZA MOTO"
40 IF J$ = "KAVU" THEN END
50 GOTO 10

Namba zinaruka kumi kumi. Mwalimu anasema tuache nafasi, iko siku utakumbuka ulichosahau.
Yohana, mwenzangu wa bani la pili, mgeni wa kazi, kanicheka. "Msukuma, ng'ombe zimekushinda, sasa unachunga maandishi?"

Jumamosi, 4 Machi
Habari mbaya. Mwalimu Sekela amehamishwa. Jumatatu anapanda treni na mashine yake. Mafuta yamepatikana, kesho kila mtu ataingiza programu yake, mara moja tu.
Na kesho ndiyo jani linageuka rangi. Si siku ya kuacha bani. Mzee Kanoni, mwenye tumbaku, yuko safarini Kibaoni.
Sitaki kurudi nyumbani Maswa nikiwa mtu aliyesoma karatasi tu. Siwezi kukaa. Nimezunguka bani kama mbwa.

Jumapili, 5 Machi
Nimekwenda. Moto nilimwachia Yohana. Nikamwambia achungulie dirishani, jani likiwa njano aongeze moto.
"Hilo tu, kaka? Nenda bwana."
Kwanza nilisahau alama za kufunga maneno. Mashine ikaandika SYNTAX ERROR. Nikatoka jasho. Mwalimu akasema haijakasirika, haijaelewa tu. Nikarekebisha. RUN. Ikaniuliza JANI LIKOJE? Nikaandika NJANO. Ikajibu ONGEZA MOTO. Maneno yangu! Nilicheka kama kichaa.
Kisha dada mmoja wa kwaya akaandika JEUSI. Mashine haikujibu kitu. Ikauliza tena, JANI LIKOJE? Watu wakacheka. Mimi nikakumbuka bani. Nikaondoka mbio.
Harufu nimeikuta njiani.

Jumatatu, 6 Machi
Majani ya chini, yale ya dirishani, yalikuwa njano kweli. Ya juu yalikuwa bado na maji. Moto umeyababua, meusi yote. Mimi huwa naingiza kichwa mlangoni na kunusa kama ya juu bado yana maji, kabla ya kuongeza kuni. Hilo sikumwambia Yohana. Kwenye karatasi pia halipo.
Yohana kashika kichwa. "Si ulisema likiwa njano niongeze?"
Nilisema.
Honi ya treni imelia. Sikwenda kumuaga Mwalimu. Aibu.

Jumatano, 8 Machi
Mzee Kanoni amerudi. Kafungua mlango, kasimama. Hakutukana. Afadhali angetukana.
"Ulikuwa wapi?"
Nikamwambia. Nikasema Yohana alifuata maneno yangu, asilaumiwe. Mzee akafunga mlango.
Moto kampa Yohana. Mimi nakata kuni porini hadi msimu uishe.

Ijumaa, 10 Machi
Malengelenge mikono yote miwili. Jioni nimemfundisha Yohana kunusa. Hakutania.
Kisha nikatoa karatasi. Kati ya 30 na 40 kuna nafasi.

35 IF J$ = "JEUSI" THEN PRINT "ULIKUWA WAPI?"

Mashine ya kuiingizia haipo. Mvua imeanza. Yohana kaingiza kichwa mlangoni mwa bani la pili, ananusa.